Siyo kila kozi ni mwizi wa vifaranga: namna ya kumtofautisha huyu na yule

Mvua za vuli zikishapiga, kumbikumbi hutoka. Na kumbikumbi wakitoka, anga ya Tsavo, kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Desemba, hujaa ndege wadogo wenye mabawa yaliyochongoka, mamia kwa mamia. Wengine hujipanga juu ya nyaya za umeme kama nguo zilizoanikwa. Ukimuuliza mpita njia hao ni ndege gani, mara nyingi jibu ni moja: mwewe. Au kipanga. Na mwewe sifa yake inajulikana, kubeba vifaranga.

Shida huanzia hapo. Wale siyo mwewe. Ni kozi wa Amur (Falco amurensis), ndege mwenye uzito wa gramu 150 hivi, aliyetoka mashariki ya Siberia au kaskazini mwa China kuja kula wadudu. Panzi, nzige, kumbikumbi, basi. Lakini jiwe la manati halibagui, wala nyama iliyotiwa sumu na kuachwa uwanjani. Anayeibiwa ni mfugaji, anayelipa ni ndege ambaye angemsaidia shambani.

Ukanda wa Afrika Mashariki una aina nyingi za kozi, wakazi na wageni, na baadhi yao wanafanana kiasi cha kuwachanganya hata watu waliobeba darubini miaka mingi. Hata hivyo zipo alama zinazosaidia. Rangi ni mojawapo tu, na mara nyingi siyo ya kwanza.

Kwanza, je, ni kozi kweli?

Tazama umbo akiwa anaruka. Kozi ana mabawa marefu yenye ncha kali, kama mbayuwayu aliyekuzwa. Mwewe wa kawaida, yule wa sokoni na jalalani, ana mabawa mapana yenye ncha zilizoachana kama vidole, na mkia wenye panda ambao huupindapinda akielea kana kwamba anashika usukani. Vipanga wana mabawa mafupi ya mviringo na mkia mrefu. Hujificha mitini na kutokea ghafla.

Akiwa ametua, angalia jicho. Kozi karibu wote wana macho meusi tii, yamezungukwa na pete ya ngozi ya manjano au ya machungwa. Vipanga wengi wana macho ya manjano au mekundu. Mdomo wa kozi una kijino pembeni, ambacho hukitumia kuvunja shingo ya windo. Mwewe na vipanga huua kwa kucha. Na kumbe undugu wao siyo wa karibu kama tulivyodhani: uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba kozi wako karibu zaidi na kasuku kuliko mwewe na tai.

Kuna mmoja anayewadanganya wengi. Ni ndege mweupe mwenye mabega meusi na macho mekundu (Elanus caeruleus), ambaye husimama hewani akipiga mabawa juu ya shamba la mahindi, sawasawa na wafanyavyo kozi wadogo. Huyo siyo kozi, na anachotafuta pale chini ni panya. Mkulima mwenye akili angemjengea mti wa kutulia.

Watatu wenye rangi ya kutu

Kundi linalosumbua zaidi ni la kozi wadogo wenye mgongo wa rangi ya kutu au tofali. Wapo watatu wanaoonekana kwenye nyanda za Kenya na Tanzania, na ukiwakosea hawa utakuwa umekosea karibu kila kitu: mmoja ni mkazi wa majabali, mmoja ni mkazi wa nyika, na mmoja ni mgeni kutoka Ulaya na Asia.

Mkazi wa majabali ni Falco tinnunculus. Huzaa kwenye kuta za mawe, kwa mfano majabali ya Bonde la Ufa, na wakati mwingine kwenye majengo marefu. Wale wa huku wameiva rangi kuliko wenzao wa Ulaya, ambao nao huja kama wageni miezi ya baridi ya kwao. Dume ana kichwa cha kijivu, mgongo wa kutu wenye madoa meusi, na alama nyeusi inayoshuka chini ya jicho kama sharubu. Kucha zake ni nyeusi. Kwa kawaida huwa peke yake au na mwenzake mmoja, na husimama sana hewani.

Mgeni ni Falco naumanni. Huyu huzaa kuanzia Hispania na Ureno hadi Mongolia na China, kisha hushuka Afrika. Hupita huku kwa wingi Oktoba na Novemba akienda kusini, na tena Machi na Aprili akirudi. Dume lake ni rahisi kidogo: mgongo wa kutu usio na doa hata moja, kichwa cha kijivu cha buluu kisicho na sharubu, na ukanda wa kijivu kwenye bawa kati ya sehemu ya kutu na ncha nyeusi. Chini ya bawa ni kweupe, ncha zimechovywa wino.

Jike ndilo kazi. Jike la mgeni na jike la mkazi wote wana mgongo wa kutu wenye milia myeusi, wote wana michirizi kifuani, wote wana mkia wenye mistari. Umbali wa mita 50, bila darubini, hata mjuzi atanyamaza. Jibu lipo miguuni: kucha za mgeni ni nyeupe, rangi ya maziwa, na za mkazi ni nyeusi. Ndege akitua kwenye waya au juu ya mwiba wa mgunga, elekeza darubini kwenye vidole vyake kabla ya kuhangaika na manyoya. Halafu tazama ncha za mabawa. Kwa mgeni hukaribia kabisa mwisho wa mkia, kwa mkazi huacha sehemu ya mkia wazi.

Tabia nayo inasema. Ukiona kumi, ishirini, hamsini wakiruka pamoja juu ya ngano iliyovunwa au nyasi zinazoungua, elekea kwa mgeni. Yeye hupenda kundi, huwinda kwa kuteleza hewani zaidi ya kusimama, na jioni hukusanyika na wenzake kulala kwenye miti mirefu, hata katikati ya mji. Sauti yake ni ya kukwaruza, kama che-che-che, wakati mkazi hupiga kii-kii-kii kali.

Wa tatu ni mkazi wa nyika kavu, Falco rupicoloides, na yeye amebeba kitambulisho usoni: macho meupe. Akiwa mtu mzima jicho lake lina rangi ya krimu, jambo la nadra kabisa kwa kozi. Kichwa chake kina rangi ileile ya mwili, hakina kijivu wala sharubu, na mgongo na ubavu vimekatwa kwa milia myeusi ya kukingama. Mkia wake ni wa kijivu wenye mistari meusi. Hajengi kiota, huchukua kilichoachwa na kunguru au ndege mwingine mkubwa. Tahadhari moja tu: kinda wake ana macho meusi, kwa hiyo jicho jeusi peke yake halimtoi kwenye orodha.

Hawa watatu huishi kwa panzi, mende, mijusi na panya wadogo. Katika uvamizi wa nzige wa 2019 hadi 2021, ulioikumba Pembe ya Afrika ukafika Kenya, Uganda na kaskazini mwa Tanzania, wao wasingeweza kuyamaliza makundi yale, hakuna ndege awezaye. Lakini katika mwaka wa kawaida, wenye panzi wa kawaida, wanafanya kazi ambayo mkulima angeinunulia dawa dukani.

Kozi wa Amur na ndugu yake

Turudi kwenye nyaya za umeme. Dume la kozi wa Amur lina rangi ya kijivu kilichoiva, karibu na makaa, mapaja na chini ya mkia ni wekundu wa tofali, miguu na pete ya jicho ni ya machungwa yaliyoiva. Akiruka, chini ya bawa sehemu ya mbele ni nyeupe pee. Weupe huo ndio saini yake.

Ndugu yake, Falco vespertinus, hutoka Ulaya ya mashariki na Asia, na dume lake linafanana naye kwa karibu kila kitu isipokuwa hapo: bawa lake lote ni la giza chini na juu. Majike yanaachana zaidi. Jike la Amur lina kifua cheupe chenye michirizi na alama nyeusi kama vichwa vya mishale, na kichwa cha kijivu. Jike la vespertinus lina kichwa na kifua cha rangi ya embe bivu. Huyu ni nadra Afrika Mashariki, kwa sababu njia yake kuu hupita magharibi zaidi kwenda Botswana, Namibia na Angola. Kwa hiyo anayedai kumwona Dodoma au Machakos aangalie bawa mara mbili kabla ya kutangaza.

Safari ya Amur inashangaza hata ukiisoma kwa mara ya kumi. Kutoka India hukata Bahari ya Hindi hadi Pembe ya Afrika, zaidi ya kilomita 3,000 juu ya maji, mchana na usiku, bila kutua. Kuna watafiti wanaodhani humudu kwa kula kerengende wahamao, ambao nao huvuka bahari hiyo na upepo uleule. Baada ya hapo hushuka kupitia Kenya na Tanzania hadi kusini mwa Afrika, na kurudi Aprili na Mei.

Mwaka 2012 habari mbaya zilitoka jimbo la Nagaland, kaskazini mashariki mwa India. Karibu na bwawa la Doyang, kozi hawa walikuwa wakinaswa kwa nyavu kwa maelfu na kuuzwa kama kitoweo. Kelele zikapigwa. Mwaka uliofuata vijiji vyenyewe vilikubali kuacha, na kozi watatu wakafungwa vifaa vya kufuatiliwa kwa setilaiti. Walipewa majina Naga, Wokha na Pangti. Ndege wanaolala salama Doyang Novemba ndio haohao wanaofika Tsavo wiki chache baadaye. Itakuwa ajabu wapone nyavu za kule waje kuuawa kwa kosa la mwewe wa hapa.

Anayeweza kuchanganywa na jike la Amur ni Falco subbuteo, mgeni mwingine wa msimu huohuo. Naye ana kifua chenye michirizi na mashavu meupe. Mtazame miguu: yake ni ya manjano, ya Amur ni ya machungwa. Mapaja ya subbuteo aliyekomaa ni mekundu ya kutu, ya jike la Amur ni hafifu, rangi ya mchanga. Mkazi wa huku wa jamii ya subbuteo, Falco cuvierii, ni mdogo kuliko yeye na chini yote ni rangi ya kutu, bila weupe wa kifua. Hupenda kingo za misitu, na huonekana zaidi jioni kumbikumbi wanaporuka.

Wa kijivu mwili mzima

Hapa pana wanne, na kinachowatenganisha ni ramani kuliko rangi.

Kwenye pwani, kozi wa kijivu mwembamba, mwenye mabawa marefu yanayofika au kupita mwisho wa mkia akitua, anayeonekana karibu na Oktoba na Novemba, huenda ni Falco concolor. Huyu ana uhusiano wa zamani na bahari yetu. Huzaa kwenye visiwa vya Bahari ya Shamu na Ghuba, vikiwemo visiwa vya Daymaniyat nchini Omani, na huzaa kwa kuchelewa, katikati ya joto la kiangazi, ili makinda yawe na njaa wakati ndege wadogo wahamao wanapopita. Kisha hushuka kusini, lakini yeye haishii huku, huvuka hadi Madagaska. Ni miongoni mwa kozi waliowekwa kwenye kundi la walio hatarini, kwa hiyo picha moja yenye tarehe na mahali ina thamani.

Anayefanana naye ni Falco eleonorae, mwenye umbile la giza, ambaye huzaa visiwa vya Mediterania na kwenda Madagaska vilevile. Ni mkubwa zaidi na ana mkia mrefu. Jina alipewa kwa heshima ya Eleonora wa Arborea, mtawala wa Sardinia wa karne ya 14 ambaye sheria zake zililinda viota vya ndege wa kuwinda. Wapo weusi kabisa na wapo wenye kifua cha kutu chenye michirizi, jambo linalozidi kuwachanganya watu.

Uganda, magharibi mwa Kenya na magharibi mwa Tanzania, wa kijivu ni mkazi: Falco ardosiaceus. Kichwa chake ni bapa, mwili umejaa, na ncha za mabawa haziufikii mwisho wa mkia. Hapo ndipo unapomtenga na concolor mara moja. Hukaa chini chini kwenye mti mmoja kwa saa nzima, na huzaa ndani ya kiota kikubwa cha fundichuma. Kusini na mashariki mwa Tanzania, kwenye mivumo na mibuyu, yupo Falco dickinsoni: mwili wa kijivu, lakini kichwa na kiuno vimepauka kama vilivyopakwa majivu. Huzaa juu ya mtende au mvumo uliokatika kichwa.

Wakubwa, na yule wa Taita

Kozi wawili wakubwa wa kawaida ni Falco biarmicus na Falco peregrinus. Tazama utosi. Wa biarmicus ni rangi ya kutu, na sharubu zake ni nyembamba. Wa peregrinus ni mweusi kama kofia ya pikipiki, na sharubu ni nene. Biarmicus ana mkia mrefu kiasi na bawa lenye ncha butu kidogo, huonekana nyikani na mara nyingi huwafuata kweleakwelea. Peregrinus amejaa kifuani, mkia mfupi, na ndiye yule anayejiangusha kwa kasi inayozidi kilomita 300 kwa saa. Makinda ya wote wawili ni ya kahawia yenye michirizi mizito, na hapo kichwa kilichopauka cha biarmicus ndicho msaada mkubwa.

Hawa wakubwa wanaweza kunyakua kifaranga, ni kweli, ingawa windo lao hasa ni njiwa na ndege warukao. Wao pia wana adui asiyeonekana: mashamba yanapopuliziwa dawa ya kuua kweleakwelea, kozi anayekula ndege waliolegea huimeza sumu ileile.

Halafu yupo kozi wa Taita, Falco fasciinucha, aliyeelezwa kwa sayansi mwaka 1895 kutokana na ndege aliyepatikana nchi ya Wataita. Ni adimu mno. Ni mfupi, mnene, mkia kama umekatwa, na akiruka hufanana na kasuku. Koo ni jeupe, kifua cha kutu kisicho na michirizi mikubwa, na kisogoni ana mabaka mawili ya kutu. Wengi wanaodhani wamemwona huwa wamemwona cuvierii. Mkia na kisogo ndivyo vya kuhakikisha. Cuvierii ni mwembamba, mabawa kama mundu, kisogo hakina mabaka hayo.

Simu mkononi

Kamera ya simu peke yake haifiki mbali, lakini lenzi yake ikiwekwa sawa kwenye kioo cha darubini hutoa picha inayotosha. Watu wengi hupiga uso na kifua, wakaacha vitu vinavyoamua. Picha ya kwanza iwe ya miguu na kucha. Ya pili ubavuni, ionekane ncha ya bawa inaishia wapi kwenye mkia. Ya tatu akiruka, chini ya bawa. Ukikosa zote, andika tarehe, mahali, idadi, na alichokuwa anakula. Hamsini wakila kumbikumbi Desemba ni taarifa kubwa kuliko picha ya kivuli.

Miradi kama Kenya Bird Map na Tanzania Bird Atlas hupokea kumbukumbu za watu wa kawaida, na ramani za ndege hawa zimejengwa hivyohivyo, mtu mmoja mmoja. Kozi wote wamo kwenye orodha za mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya wanyamapori, na peregrinus yumo orodha ya kwanza, ile kali zaidi. Kwa hiyo eneo la kiota lisibandikwe hovyo mtandaoni. Taja wilaya, acha jabali.

Na makinda yatakushinda mara kwa mara. Kozi wa kahawia mwenye michirizi, peke yake, jua la saa saba usoni, anaweza kuwa mmoja kati ya watano au sita. Waliobobea huandika tu "kozi, aina haijulikani" na kuendelea na safari.